Mwezi wa Mei Sirkka Hapigi Simu

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, mshauri wetu wa wanafunzi, Sirkka Jauhiainen, anastaafu rasmi tarehe 31 Julai mwaka huu. Alifika Shule ya Sekondari ya Juu ya Harjunsalmi akiwa mwalimu kijana wa historia. Mwaka wake wa pili akaombwa ashike kazi ya ushauri kwa muda, hadi apatikane mtu. Mtu hajapatikana mpaka leo. Amekataa kuagwa kwa hotuba, amekataa zawadi ya saa ya ukutani, na ukurasa huu katika ratiba ya sherehe ameukubali shingo upande, kwa sharti kwamba nisitie chumvi. Nitajitahidi, lakini siahidi.

Wasiomjua humdhania mkali, na wanaomjua wanajua kwamba ni mkali kweli, ila ukali wake una ratiba. Vuli huwa mpole. Wanafunzi wapya humwendea na ndoto zao, huyu anataka urubani, yule anataka kuwa daktari wa farasi, naye huwasikiliza wote kwa uso uleule na kuwauliza swali lilelile: "Na hisabati, vipi?" Kuanzia Februari hadi Juni ndipo tunapomwona Sirkka kamili, kwa sababu nusu hiyo ya mwaka ndiyo iliyobeba mambo yote ya kumaliza shule, na yote hupitia mikononi mwake.

Februari wanafunzi wa mwaka wa mwisho huaga madarasa ili wakajisomee. Hupanda malori yaliyopambwa kwa mashuka yenye maandishi ya kututania sisi walimu, wakazunguka mji mzima wakiwarushia watu pipi kwenye theluji. Walimu wengi hutazama kutoka dirishani, maana pipi iliyogandishwa na baridi ikikupata ya jicho hutaisahau leo wala kesho. Sirkka husimama kwenye kona ya posta na mwavuli aliougeuza juu chini. Pipi anazokinga huziweka kabatini, na mwezi Machi huwagawia wasimamizi wa mitihani. Bajeti ya shule haijawahi kununua pipi tangu aje.

Siku inayofuata malori, wa mwaka wa pili, ambao sasa ndio wakubwa wa shule, hucheza ngoma za zamani ukumbini, wasichana kwa magauni marefu na wavulana kwa makoti yenye mikia. Sirkka amewafundisha wavulana wa mji huu kutembea bila kukanyaga gauni la mtu. Sauti yake mazoezini husikika hadi maabara: "Taratibu! Husukumi toroli hapo, unamwongoza mwenzako!" Baadhi ya wale wavulana leo ni akina baba, wameketi humu ukumbini, na naona wake zao wanatikisa vichwa kukubali.

Kisha huja Machi na mitihani ya taifa. Kila mtahiniwa huja na chakula chake cha siku nzima, na sheria inataka kisiwe na maandishi yoyote: chupa zibanduliwe karatasi, chokoleti ivuliwe ganda, ndizi isiwe na kibandiko. Mkaguzi mkuu wa vyakula ni Sirkka. Mwaka mmoja kijana mmoja kutoka kijiji cha ng'ambo ya ziwa alikuja na kukko mzima, ule mkate mweusi ambao samaki huokwa ndani yake, uliotengenezwa na bibi yake usiku kucha. Sirkka aliuzunguka ule mkate kama fundi anayekagua injini. Ndani hakuonekani, na sheria inasema ndani kuonekane. Akachukua kisu, akaukata katikati mbele ya wasimamizi, akachungulia, akatangaza kwamba hakuna kilichofichwa isipokuwa samaki na mafuta ya nguruwe. Harufu ikaenea ukumbi mzima. Wasahihishaji hawakuambiwa kwa nini insha nyingi za Harjunsalmi mwaka ule zilizungumzia chakula.

Lakini haya yote ni mapambo. Kazi ambayo mji huu unamjua nayo Sirkka ni ya asubuhi moja tu katikati ya Mei.

Asubuhi hiyo matokeo hufika shuleni kabla wanafunzi hawajaruhusiwa kuyaona. Mkuu wa shule huyafungua, na waliofeli hupigiwa simu kwanza, ili asiwepo mtu atakayelisoma jambo hilo peke yake. Aliyefaulu hapigiwi. Kwa hiyo kote mjini asubuhi ile watahiniwa hukaa mbele ya simu zao wakiomba zisilie, na mzazi anayepiga kuuliza kama mtoto amekula hutukanwa. Anayepiga simu hizo kwa niaba ya shule ni Sirkka. Namba yake imehifadhiwa katika simu za vijana wetu kwa majina ambayo mkuu wa shule amenizuia kuyachapisha.

Hapo ndipo ilipotokea ile ajali ya duka la maua. Sirkka alikuwa bado mgeni katika kazi hii. Alimaliza simu zake mapema, akaona heri aagize kabisa mawaridi ya siku ya kofia, siku waliofaulu wanapovaa kofia nyeupe za kuhitimu, na akampigia Rakel Ikäheimo mwenye duka. "Rakel, ni Sirkka hapa, wa shuleni," akasema. Hakufika mbali zaidi ya hapo. Rakel alikuwa na binti mwaka wa mwisho. Alipiga yowe, akakata simu, akafunga duka, akabandika mlangoni kwamba limefungwa kwa msiba wa kifamilia, akaenda nyumbani kulia na binti. Jirani aliona tangazo, akamwambia jirani, na kabla ya mchana majirani watatu walishapeleka mikate ya mdalasini ya kufariji. Binti alikuwa amefaulu masomo yote, moja kwa alama ya juu kabisa. Sirkka aliendesha baiskeli hadi kwao akamkuta Rakel jikoni na kitambaa kilicholowa maji usoni. "Nilitaka mawaridi," akasema. Rakel akakitoa kitambaa usoni. "Ya rangi gani?" akauliza.

Tangu siku hiyo Sirkka alikata shauri kwamba mwezi wa Mei hampigii mtu yeyote simu kwa jambo jingine lolote. Hata ingekuwa siku tulivu kabisa ya mwisho wa mwezi, ukiona namba yake moyo unaweza kukuruka, na yeye hataki moyo wa mtu uruke bure. Akitaka daktari wa meno, huenda mwenyewe kwa miguu. Chumba chao cha chini kilipojaa maji, mumewe Tauno ndiye aliyempigia fundi bomba, naye Sirkka akiwa amesimama kando, maji yamefika vifundoni, anamwelekeza la kusema. Tauno husema mwezi wa Mei ndio mwezi anaoishi na mke asiyepiga simu, na kwamba ungeongezwa urefu yeye asingelalamika.

Chumba changu na chake vimetenganishwa na ukuta wa mbao ambao mjenzi, naona, aliujenga akiwa na haraka ya kwenda kuvua samaki. Kwa hiyo bila kutaka nimezisikia simu zake kwa miaka mingi. Hazifanani na simu za mtu mwingine ninayemjua. Hulitaja jina lake mwenyewe, kisha somo, kisha sentensi mbili: "Hukufaulu hisabati. Niko hapa. Usikate." Baada ya hapo hunyamaza. Hasemi pole, hasemi Septemba utarudia, hasemi wengi wamefeli wakawa watu wakubwa. Hukaa kimya na simu sikioni, na yule wa upande wa pili hukaa kimya naye, muda wowote utakaohitajika. Aliwahi kuniambia alimsikia msichana mmoja akichemsha kahawa, akainywa yote, akaosha kikombe, ndipo akasema neno la kwanza. Neno lenyewe lilikuwa "Basi." Sirkka akamjibu "Basi," na kutoka hapo wakaanza kupanga.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asianze na pole kama binadamu wengine. "Ukianza na pole, mtoto ameshajua," alisema. "Halafu umemwachia alimalize mwenyewe kichwani. Umemtwisha mzigo wako." Mimi hufundisha Kiswidi na kazi yangu ni maneno, lakini sijapata la kuongeza hapo.

Mchana wa siku hiyo huwazungukia wote kwa baiskeli. Wengine humfungulia mlango, wengine humwacha ukumbini mwa nyumba azungumze na mbwa. Wote huwaambia waje kwenye sherehe ya kofia hata kama yao itabaki kabatini, kwa kuwa kofia zetu huagizwa tangu majira ya baridi kwa vipimo vya vichwa, kabla mtu hajajua nani atafaulu. Kofia nyeupe kwenye sanduku lisilofunguliwa ni kitu kigumu kuishi nacho nyumba moja. Sirkka hulijua hilo, na anapoondoka huuliza tu liko wapi, na kama ni mahali pa kuonekana huliomba lihamishwe juu ya kabati.

Sasa nifike mwaka huu. Kwa sehemu hii nimeomba ruhusa kwa mhusika mwenyewe, naye alinijibu: "Andika tu. Mji mzima unajua. Ukiiacha hiyo utamsifia bibi kwa lipi, kwa mwavuli?"

Mhusika ni Alisa, mjukuu wa Sirkka. Kwao ni mbali, mwisho wa barabara ya changarawe, na kwa miaka hii mitatu ya sekondari ameishi kwa bibi na babu yake hapa mjini. Shuleni humwita bibi yake Sirkka kama sisi sote, nyumbani humwita bibi, na hawajawahi kuchanganya. Alikuwa anatazamia kofia leo. Sirkka alikuwa anatazamia zaidi, ingawa angeng'olewa meno kabla ya kulisema hilo: mwaka wake wa mwisho kazini, mjukuu wake wa kwanza ukumbini.

Asubuhi ya matokeo mkuu wetu wa shule, Petteri Vauhkonen, aliyafungua kama kawaida, mimi na Sirkka tukiwa mlangoni kwake. Aliyatazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwaka huu alikuwa amefeli mtahiniwa mmoja tu. Kwa shule ya ukubwa wetu hayo ni matokeo ya kupandishiwa bendera, na Petteri alikuwa na uso wa mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

"Ni Alisa," akasema. "Hisabati. Amekosa alama chache mno."

Petteri akaendelea haraka. "Hii nitapiga mimi, Sirkka. Hakuna atakayekulaumu."

"Unajua kupiga?"

"Nina simu."

"Sijakuuliza kama unayo. Nimekuuliza kama unajua."

Petteri ni mtu mwaminifu. Alifikiri kidogo, akasema: "Nitaanza na pole."

"Najua utaanza na pole," Sirkka akasema, na akaenda chumbani kwake.

Miaka yote hufunga mlango. Siku hiyo aliuacha wazi, na sidhani kama alitaka tusikie. Nadhani alikuwa ameusahau. Tulimwona akivuta kiti, akikaa, akiweka kiganja kimoja juu ya meza kana kwamba meza ingeondoka. Simu haikulia hata mara mbili. Sauti ya Alisa ilitoka kwa furaha kubwa kiasi kwamba ilitufikia hadi korido: "Bibi! Nimeshaweka kahawa, usinunue mkate, upo!"

Baadaye Alisa alinieleza kwa nini. Alikuwa amekaa tangu alfajiri akiiogopa namba moja tu, ya mkuu wa shule, maana alikuwa na hakika kwamba ikiwa amefeli, bibi hatapigishwa simu hiyo. Alipoona neno "Bibi" kwenye kioo akajua amefaulu. Aliruka kitini, akapokea akiwa amesimama. Katika miaka yote ya kazi ile, ndiye mtahiniwa wa pekee aliyeipokea simu ya Sirkka kwa kicheko.

Nilimwona Sirkka akifumba macho. Kisha akasema, kwa sauti ileile ninayoijua kupitia ukutani: "Alisa. Ni Sirkka hapa, wa shuleni."

Upande wa pili kicheko kikakatika.

"Hukufaulu hisabati. Niko hapa. Usikate."

Petteri aligeukia dirisha. Mimi nilibaki nimesimama na faili la mtu mwingine mkononi, nikilia bila aibu, na hili nalisema wazi kwa sababu sikutia chumvi. Kimya kile kilikuwa kirefu. Sirkka hakukipunguza hata kidogo kwa kuwa ni wa damu yake. Alikaa nacho kama anavyokaa na vya watoto wa wenzake, na mwishowe tulimsikia akiitikia kitu tusichokisikia: "Ndiyo. Najua. Ndiyo." Halafu akasema: "Sasa wa shuleni amemaliza. Bibi anakuja nyumbani." Akaweka simu mezani, akachukua koti, akapita kati yetu, na baiskeli yake tukaiona ikikata kona ya posta kwa mwendo usiofaa kwa mtu wa umri wake.

Nilimuuliza Alisa kama alikasirika. "Nilimkasirikia mpaka alipofika," alisema. "Alivua viatu, akakaa, tukanywa ile kahawa. Hakusema chochote, nami sikusema. Baadaye nikawaza, kama angepiga Petteri, ningejua bibi ameshindwa kulitamka. Ningejua ni jambo la kutisha kiasi hicho. Kumbe alinipigia vilevile anavyowapigia wote. Nikajua basi, ni kufeli tu. Watu hufeli." Kisha akaniomba niandike pia kwamba mkate aliosema upo haukuwepo, babu alikuwa ameumaliza.

Leo Alisa yuko ukumbini, mstari wa tatu, kwa gauni lililoshonwa kwa ajili ya siku hii, bila kofia. Amekuja kwa miguu yake na hakuna aliyemsukuma. Wenzake watakapoambiwa wavae kofia, wote kwa pamoja, ninaomba macho yetu yasimwendee yeye. Hajaja kutazamwa, amekuja kuwapigia makofi wenzake. Septemba atarudia mtihani katika ukumbi huuhuu.

Mshauri mpya atakayeanza Agosti, Noora Tiihonen, amekuwa akikaa na Sirkka tangu Pasaka kujifunza kazi. Amejifunza ngoma, amejifunza kukagua ndizi. Wiki iliyopita niliwasikia kupitia ukuta wetu ule. Noora aliuliza, kwa sauti ya kupapasa, afanye nini Novemba matokeo ya kurudia yakija, na jina likawa lilelile tena. "Utapiga," Sirkka akasema. "Utaanza na jina lako. Na usinipigie mimi kwanza."

Sirkka, tumezoea kukushukuru kwa mafungu: kwa ngoma, kwa mitihani, kwa mamia ya vijana uliowatafutia vyuo na kazi, kwa pipi. Shukrani hizo zote ni zako na utazipokea leo utake usitake, na keki ya mikate iliyopakwa samaki inakusubiri chumba cha walimu. Lakini kubwa ninalokushukuru mimi, kwa niaba ya wote uliowahi kuwapigia na wazazi waliokuwa wamesimama nyuma yao jikoni, ni kwamba hukumwacha mtu hata mmoja ajue peke yake.

Asubuhi moja ya Novemba utakuwa nyumbani, si shuleni. Nje patakuwa giza, Tauno atakuwa amejifanya anasoma gazeti, Alisa atakuwa amekaa mbele yako na simu yake mezani kati yenu, na kwa mara ya kwanza maishani mwako wewe ndiye utakayekuwa unaiangalia. Hutaweza kufanya lolote. Sisi huku tutakuwa tumeshajua, na tutatamani kukwambia, na hatutaruhusiwa.

Tunakutakia maisha mema, mpendwa wetu, marefu na yenye afya. Na asubuhi hiyo tunakutakia simu isilie.

Outi Pakarinen
Mwalimu wa Kiswidi, kwa niaba ya wafanyakazi wote